Chambo cha Nzi-mawe: Anza kwa Kuinua Jiwe

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Leo wapo pia katika mito mingine ya baridi inayoteremka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, kama Chania, Thiba na Naro Moru. Samaki ni wageni, lakini chakula walichokikuta ni cha wenyeji, na sehemu yake nono ni nzi-mawe, mdudu anayekulia chini ya mawe ya mtoni.

Hapa ndipo wavuvi wengi wanapokosea. Wananunua chambo bandia kwa kuangalia picha za Marekani, ambako nzi-mawe mkubwa wa mito ya Montana anafikia sentimita 5 na huigizwa kwa ndoana namba 4 au 6. Kwetu anayepatikana zaidi ni wa jenasi ya Neoperla, mdogo kuliko huyo kwa mbali. Namba 10 hadi 14 zinatosha. Kumbuka kwamba namba ikipanda, ndoana inapungua ukubwa.

Kabla ya kufunga chochote kwenye mshipi, ingia mtoni ukainue jiwe la ukubwa wa sahani, pale maji yanapokimbia na kutoa povu. Ligeuze taratibu. Tunutu wa nzi-mawe, yaani mdudu huyo kabla hajapata mabawa, ni bapa, ana miguu imara iliyotanuka, na atakimbilia upande wenye kivuli. Mgongo ni wa kahawia wenye mabaka, tumbo ni la manjano iliyopauka. Hesabu mikia: anayo miwili. Yupo mdudu mwingine anayefanana naye, ila huyo kwa kawaida ana mitatu, na matamvua yake yamejipanga ubavuni mwa tumbo. Ya Neoperla yako kifuani, karibu na mashina ya miguu. Mweke kwenye kifuniko cheupe chenye maji, weka ndoana zako kando yake, chagua inayolingana naye kwa urefu. Kisha mrudishe, na jiwe lilale kama ulivyolikuta, kwa sababu chini yake kuna viumbe wengi wanaoishi.

Ukishapata ukubwa, tazama umbo, ndipo rangi. Chambo kizuri cha tunutu huyu kina mwili mnene kifuani unaochongoka kuelekea nyuma, mikia miwili iliyoachana, na nyuzi chache za miguu zinazochezacheza majini. Prince Nymph ina mikia hiyo ya unyoya wa bata bukini, nami huipa nafasi ya kwanza. Hare's Ear, iliyofungwa kwa manyoya ya sungura, inafaa sana maji yakiwa maangavu. Maji yakichafuka kidogo baada ya mvua, rangi nyeusi huonekana vizuri zaidi, hivyo chambo kiitwacho Montana, chenye mwili mweusi na kifua cha manjano, hufanya kazi.

Uzito ni jambo la kuzingatia kuliko rangi. Tunutu huyu ni mwogeleaji hafifu. Mkondo ukimng'oa, anabingirika karibu na sakafu ya mto. Chambo kinachopita juu juu hakimhusu trauti aliyejificha nyuma ya jiwe. Tumia chenye ushanga wa tangsteni kichwani, ukirushe kuelekea mkondo unakotoka, kisha ukiache kirudi kwa mwendo wa maji bila kukivuta. Kisipogusa mawe kabisa, ni chepesi mno. Kikinasa kila urushapo, punguza uzito. Mshipi ukisita ghafla, inua ufito papo hapo.

Vipi kuhusu mdudu mzima mwenye mabawa? Tunutu hutambaa hadi kwenye mawe ya ukingoni, akavua ngozi na kutoka akiwa na mabawa. Magamba makavu yaliyobaki juu ya mawe ni ushahidi mzuri. Lakini Neoperla wazima hutembea zaidi usiku, na wengi utawaona kwenye taa kuliko mtoni. Kwa hiyo beba Stimulator mbili au tatu za manjano, namba 12 au 14, za kuelea jioni karibu na vichaka. Sehemu kubwa ya kisanduku iwe ya tunutu.

Usisahau leseni ya uvuvi na, ndani ya hifadhi za taifa, kiingilio cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Mito ya Aberdare ni njia ya nyati na tembo, kwa hiyo omba kusindikizwa na askari wa wanyamapori.

Na ukigeuza mawe mengi bila kumwona nzi-mawe hata mmoja, usilazimishe. Mdudu huyu anahitaji maji safi, baridi, yenye oksijeni nyingi. Udongo wa mashamba ukijaa kati ya mawe, au maji yakipata joto, hutoweka mapema. Hapo funga chambo kinachofanana na wadudu uliowakuta, au panda juu zaidi, karibu na msitu, ukainue jiwe jingine.