Diski mbili katika kipakatalishi kimoja: Kila moja na kazi yake

Kipakatalishi kinachochukua dakika kadhaa kuwaka si lazima kiwe kimefika mwisho wake. Mara nyingi kinachokwamisha kazi ni diski. Kwa mkazi anayekitumia kujaza ritani za KRA, kuomba huduma kupitia eCitizen au kuandika kazi za chuo, kuongeza diski ya SSD kunaweza kumwepushia gharama ya kununua kipya.

Tofauti ya diski hizi

Diski ya kawaida, HDD, ina sahani zinazozunguka, mara 5,400 kwa dakika katika vipakatalishi vingi. Mkono mdogo husogea juu ya sahani kutafuta kila faili. SSD haina sehemu inayozunguka. Data hukaa ndani ya chipu. HDD ya kipakatalishi husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, ilhali SSD ya aina ya SATA hukaribia 500. Ile ya NVMe ina kasi zaidi. Hata hivyo, HDD hubeba data nyingi kwa bei nafuu.

Ndiyo maana diski hizi hufaa kugawana kazi. Mfumo endeshi na programu huwekwa kwenye SSD. Gigabaiti 256 huwatosha watumiaji wengi. Video, picha na faili nyingine kubwa hubaki kwenye HDD.

Hatua za kufuata

1. Kutambua nafasi iliyopo. Baadhi ya vipakatalishi vina nafasi ya M.2 kando ya ile ya diski ya inchi 2.5. Kabla ya kununua, ni vyema kuthibitisha kama nafasi hiyo inapokea SATA au NVMe, kwa kuwa si kila moja hupokea zote mbili. Penye sehemu ya DVD, inaweza kutolewa na HDD kuwekwa hapo kwa fremu maalumu ya unene wa milimita 9.5 au 12.7, kisha SSD ikachukua nafasi kuu.

2. Kunakili faili zote muhimu kwenye diski ya nje. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa kuifungulia unapaswa kuandikwa kwanza.

3. Kuzima mashine kabisa, kuchomoa chaja na kutenganisha betri kabla ya kufunga diski mpya.

4. Kuweka mfumo endeshi kwenye SSD, kisha kuchagua katika BIOS kwamba mashine iwake kupitia diski hiyo.

5. Kuhamishia folda za video na picha kwenye HDD. Diski ya zamani isifutwe hadi mwenyewe ahakikishe kwamba faili zake zote zinafunguka.

Diski mbili si akiba

Kosa kubwa ni kudhani kwamba faili ziko salama kwa sababu mashine ina diski mbili. Kipakatalishi kikiibwa au kikimwagikiwa maji, zote mbili zinaweza kupotea pamoja. HDD huweza kuharibika ikianguka au kugongwa inapozunguka, ingawa wakati mwingine hutoa onyo kwa mlio wa kugonga. SSD huvumilia mitikisiko zaidi, lakini inaweza kufa ghafla bila dalili yoyote, na faili iliyofutwa humo huwa vigumu kurejeshwa.

Kwa hivyo nakala za vyeti, hatimiliki na stakabadhi za biashara zinapaswa kuwa pia nje ya kipakatalishi, kwenye diski inayowekwa mahali tofauti au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Mkazi anayempelekea fundi kazi hii anashauriwa kukubaliana naye mapema kwamba diski yoyote itakayotolewa itarudishwa kwa mwenyewe. Hata ikiwa mbovu, huenda bado ina nambari za kitambulisho, picha za familia na taarifa za benki.