SOMO: KUCHAGUA VIATU NA SHANTA ZA MLIMANI

Vijana wengi wa Marangu, Machame na vijiji vya jirani hupata kibarua cha kubeba mizigo ya wageni katika Mlima Kilimanjaro. Wenyewe hujiita wagumu. Lakini ugumu wa mtu haushindi baridi, wala haushindi kiatu kibaya.

Mwanakisomo mwenzetu mmoja alikwenda na viatu vya kuazima. Vilikuwa vidogo. Siku ya kushuka vidole viligonga mbele kutwa nzima. Alirudi kucha mbili zimeng'oka, akakaa nyumbani mwezi mzima. Alituambia, "Mwalimu, ile hela yote nimeimaliza kwa dawa." Basi leo tujifunze kuchagua.

VIATU
Nunua jioni, kwa sababu mchana miguu huvimba kidogo. Nenda na soksi nene utakazovaa mlimani.
1. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele. Kidole kimoja cha mkono kiweze kuingia nyuma ya kisigino. Kisipoingia, kiatu ni kidogo.
2. Funga kamba, tembea mahali penye mteremko. Vidole visiguse mbele. Kisigino kisichezecheze.
3. Kama ni mtumba, kunja soli utazame gundi. Soli iliyoanza kuachia nyumbani itabanduka njiani.
Vivae shambani wiki mbili kabla ya safari. Malengelenge yakitokea, heri yatokee karibu na nyumbani.

SHANTA
Mzigo wa wageni wengi huubeba kichwani, na shanta yenye vitu vyao huwa mgongoni. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Nyonga ndizo zichukue uzito, siyo mabega. Vitu vizito viweke karibu na mgongo. Ijaribu hivi: tia kilo 5 za mahindi, tembea nusu saa. Ikikukata mabega, rekebisha mikanda. Ikikataa bado, hiyo siyo yako, iache.

NGUO
Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895. Usiku huko maji huganda. Nguo ya pamba ikilowa haikauki upesi, na inakupoza mwili. Ndani vaa nailoni au sufu, halafu sweta nzito, na nje koti lisilopitisha mvua. Soksi za kulalia zifunge mahali pasipoingia maji.

Mwenzako akitetemeka sana, akianza kujikwaa na maneno kumpotea, msiseme ati ni mvivu. Baridi imemzidi. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mwambieni kiongozi ashushwe.

MIZANI
Getini mizigo hupimwa. Mzigo wa mgumu mmoja usizidi kilo 20. Sasa unajua kusoma tarakimu, kwa hiyo isome mizani mwenyewe. Ikionyesha 24, sema pale pale, kabla hujaondoka. Ukishafika msituni, nani atakupimia?

MASWALI
1. Kwa nini tununue viatu jioni?
2. Mkanda wa shanta ukae wapi?
3. Mzigo una kilo 24. Umezidi kwa kilo ngapi?
4. Je, kijijini kwenu nani anakwenda mlimani? Msomee somo hili kabla hajaondoka.