Mdako Darasani: Mchezo Unaofundisha na Mchezo Unaopitisha Muda

Mtoto anayecheza mdako ana kokoto 12 kwenye kishimo na moja mkononi. Anairusha ya mkononi juu, anazikomba zote kutoka shimoni, kisha anaidaka kabla haijagusa ardhi. Anarusha tena, na safari hii anazirudisha zote isipokuwa moja. Raundi inayofuata anabakiza mbili, kisha tatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Mwalimu wa Hisabati akimtazama ataona 12 toa 1, 12 toa 2, 12 toa 3. Lakini mtoto mwenyewe haoni hivyo. Kazi yote inafanywa na macho na vidole, na anaweza kucheza jioni nzima bila kutaja nambari hata moja.

Ongeza sheria moja tu: kabla ya kurusha, mchezaji ataje ni kokoto ngapi zitakazorudi shimoni, na akikosea zamu inahama. Kuanzia hapo hawezi kuendelea bila kutoa kichwani. Wenzake nao wanapiga hesabu kimyakimya, maana wanamvizia akosee.

Kabla ya kuingiza mchezo wowote darasani, jiulize: wakati mtoto anacheza, akili yake inafikiria nini? Kama inafikiria somo, endelea. Kama inafikiria mpira, kamba au nani atashinda, basi umewapa watoto mapumziko. Mapumziko ni kitu kizuri, ila usiyaandike kwenye andalio la somo kuwa ni kufundisha.

Sababu iko kwenye namna ubongo unavyohifadhi mambo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena. Wengine walisoma, wakaweka karatasi pembeni na kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma ndio walioongoza. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka, na waliojipima wakawapita. Kitendo cha kulisaka jambo kichwani na kulitoa ndicho kinacholikaza, hata kama wakati wa kulisaka unajiona umekwama. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alikuwa amechapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Aligundua kuwa usahaulifu mwingi hutokea mapema sana baada ya kujifunza, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa yana faida kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Hapo ndipo mchezo unapopata kazi yake. Mtoto anayenuna akipewa maswali 30 ya kuzidisha daftarini atayajibu hayo hayo akiruka kamba, na kesho ataomba tena. Mchezo unamfanya arudie kulisaka jibu mara nyingi bila kuona adha.

Kuna jambo jingine linalopendelea michezo yetu ya uani. Akili ya mtu inaweza kushikilia vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Mwanasaikolojia Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kuwa ni kama vinne kwa mtu mzima, na kwa mtoto ni pungufu. Ukileta mchezo mgeni wenye sheria saba, nafasi yote hiyo inajazwa na sheria, na somo linabaki nje. Rede, mdako, kuruka kamba na kujificha watoto wanavijua tangu wakiwa wadogo. Sheria haziwasumbui tena, kwa hiyo kuna nafasi ya kuingiza jedwali la saba.

Mfano mwepesi kwa madarasa ya chini ni njia ya nambari. Chora kwa chaki au kijiti visanduku kwa mstari mmoja ulionyooka, ukiviandika 1 hadi 10 kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto anarusha kibao chenye 1 upande mmoja na 2 upande wa pili, kisha anasogea. Robert Siegler na Geetha Ramani walijaribu mchezo wa ubaoni wa namna hii huko Marekani kwa watoto wa shule ya awali kutoka familia za kipato cha chini, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Vipindi vinne vya kama dakika 15, ndani ya wiki mbili, viliinua uelewa wao wa nambari. Wenzao waliocheza mchezo ule ule kwenye visanduku vya rangi visivyo na nambari hawakupata faida hiyo. Mchezo ulikuwa sawa na furaha ilikuwa sawa. Tofauti ni kile walichokuwa wakikifikiria.

Namna ya kuhesabu nayo ina uzito. Mtoto aliyesimama kwenye 4 akapata 2 hupenda kusema “moja, mbili” huku akisogea. Msahihishe aseme “tano, sita”. Siegler na Elida Laski walionyesha mwaka 2014, kwa ubao wa hadi 100, kwamba kutaja nambari ya kisanduku unachokikanyaga ndiko kulikowafaidisha watoto, si kuanza moja upya kila zamu. Mzazi anayecheza nyoka na ngazi na mwanawe anaweza kuanza leo jioni.

Kwenye kusoma, anza na makofi. Kila silabi kofi moja: ka-la-mu, matatu, ba-ra-ba-ra, manne. Maneno mafupi ndiyo yanayowakamata watoto. Wengi watapiga kofi moja kwa “mtu”, kumbe ni m-tu, mawili. “Ng’ombe” nalo, pamoja na wingi wa herufi zake, ni mawili tu. Waache wabishane. Wakishazoea kusikia silabi, wahamishie kwenye kuruka: wewe taja neno, wao waruke idadi ya silabi, kisha mmoja aliandike ubaoni. Hatua ya kuandika usiiruke, kwani ndiyo inayounganisha sauti na herufi.

Kwa madarasa ya juu, Uholanzi kuna jaribio la kuiga. Watafiti wa Groningen waliwafundisha watoto Hisabati na lugha kwa kujongea, mara tatu kwa wiki, kama nusu saa au chini ya hapo kila mara. Waliruka mara sita kujibu 2 mara 3, na waliruka mara moja kwa kila herufi wanapotaja tahajia ya neno. Baada ya miaka miwili, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, watoto hao waliwapita wenzao katika Hisabati na tahajia. Katika kusoma hakukuwa na tofauti. Inaeleweka: majedwali na tahajia ni vitu vya kurudiwa hadi vizoeleke, lakini ufahamu wa habari hautaki miruko. Unataka kukaa, kusoma na kuulizana.

Najua swali litakalofuata. Walimu wengi wa shule za umma wana watoto zaidi ya 80 kwenye chumba kimoja, madawati yamebanana, na hakuna pa kupita. Hapo mwendo uwe wa pale pale mtu alipo. Toa kauli: “Popo ni ndege.” Anayekubali asimame, anayekataa akae. Hesabu hadi tatu kimoyomoyo kabla ya kutoa ishara ili wasiangaliziane, la sivyo nusu ya darasa itamfuata yule anayeongoza kila mtihani. Kisha chagua mmoja aliyesimama na mmoja aliyekaa, kila mmoja amweleze jirani yake sababu, halafu piga kura upya. Dakika tano zinatosha, na kwa kulitazama darasa tu umejua nani kaelewa. Vizibo vya soda kumi kwa kila watoto wawili navyo vinafanya kazi nyingi ya hesabu bila mtu kutoka kwenye dawati.

Sasa mchakamchaka. Shule nyingi Tanzania zimelea watoto kwa kukimbia na kuimba asubuhi kabla ya masomo, na wapo wanaouona ni mabaki ya zamani. Mimi nautetea. Mwili ukichangamka moyo unasukuma damu zaidi, na kemikali za ubongo zinazoleta uchangamfu na umakini huongezeka kwa muda. Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha mwaka 2009 kwamba watoto wa miaka tisa na kumi, baada ya kutembea dakika 20 kwenye mashine, walifanya vizuri zaidi jaribio la umakini na mtihani wa ufahamu kuliko baada ya kukaa tu. Nguvu hiyo haidumu siku nzima, kwa hiyo somo gumu liwekwe karibu na mazoezi, na kipindi cha saa nane mchana kipate dakika mbili tatu za kujinyoosha. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mtoto anayekwenda shule kwa mguu kilomita tatu ana kiasi chake tayari. Yule anayeshushwa na gari getini ndiye wa kumwangalia. Na aliyekuja bila kunywa hata uji msimkimbize. Huyo tatizo lake ni njaa.

Mchakamchaka, hata hivyo, unaandaa akili tu. Jedwali la saba hauliingizi. Hapa semina nyingi za walimu hupotosha. Utasikia kuwa mazoezi yanakuza hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu. Utafiti unaotajwa, wa Kirk Erickson wa mwaka 2011, ni wa kweli, na ongezeko lilikuwa asilimia 2 baada ya mwaka mzima wa kutembea. Lakini waliopimwa walikuwa wazee, si wanafunzi wa darasa la nne. Utauziwa pia mazoezi maalumu ya kugusa kiwiko na goti la upande wa pili ili “kuunganisha” pande mbili za ubongo. Mtindo huo ulianzishwa California miaka ya 1980 na Paul na Gail Dennison, na madai yake hayajathibitishwa. Pande hizo zimeunganishwa tangu mtoto anazaliwa. Vilevile habari za kuwagawa watoto kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda: wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler walipitia ushahidi mwaka 2008 na hawakuona msingi wa kufundisha kwa mafungu hayo. Mazoezi ya kiwiko na goti hayamdhuru mtoto, ila hela ya kitabu cha semina ingenunua kamba za darasa zima.

Wapenzi wa bao watanichukia hapa. Mchezo wenye kete 64 na mashimo 32 unadai hesabu kali kwelikweli, lakini kuucheza hakumfanyi mtoto moja kwa moja awe hodari wa sehemu na desimali. Uingereza walifundisha sataranji kwenye shule za msingi katika jaribio la shule 100. Ripoti ya mwaka 2016 haikuona faida yoyote kwenye alama za Hisabati mwaka mmoja baadaye. Akili hufaidika na kile ilichokifanyia mazoezi. Bao lichezwe kwa sababu ni bao.

Makosa mawili huharibu mpango mzima. La kwanza ni michezo ya kutoana. Anayekosea akitolewa, basi asiyejua jedwali anakaa pembeni dakika ya pili, na anayelijua anacheza hadi mwisho. Aliyekosea apewe jibu, alirudie, arudi mstari wa nyuma. La pili ni adhabu. Shule ile ile inayohimiza michezo inamrusha mtoto kichura kwa kuchelewa, inamkimbiza kuzunguka uwanja kwa kupiga kelele, na inamnyima mapumziko kwa kutomaliza kazi. Mtoto huyo mwili wake umeshafundishwa kuwa kuruka ni fedheha. Kama kichura ni adhabu shuleni kwenu, kiondoeni kwanza, ndipo mlete kamba darasani. Mkumbuke pia wasichana wakubwa wenye sketi na walio katika siku zao, na mtoto mwenye ulemavu wa miguu: huyu asifanywe mtunza alama kila siku, bali apewe mchezo wa mikono ambao wote wanaucheza pamoja naye.

Kupima kama mchezo umefundisha hakuhitaji mtaalamu. Siku ya mchezo, andika pembeni maswali matano uliyoyatumia. Baada ya wiki, bila kutangaza na bila mchezo, wape hayo matano kwenye karatasi chakavu na usiyawekee alama za ripoti. Linganisha na darasa ulilofundisha jambo lile lile kwa ubao na chaki. Wakiwa wamecheza kwa shangwe lakini hawakumbuki, rudi kwenye mchezo wenyewe utafute ni wapi mtoto aliweza kushinda bila kufikiri, kisha ongeza sheria hapo.