SOMO: WAGONJWA WA KANSA NA WAJIBU WA KUSAIDIANA

Kumtembelea mgonjwa ni tendo la huruma. Kila mkatekumeni hufundishwa hivyo tangu mwanzo wa masomo yake. Lakini huruma isiyo na maarifa yaweza kumdhuru yule yule anayehurumiwa. Jambo hilo laonekana wazi katika ugonjwa wa kansa, na wagonjwa wenyewe ndio walimu wake.

1. Ugonjwa na dawa zake

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Kansa huanza chembe fulani zinapoacha utaratibu wake, zikaongezeka pasipo kikomo na kuharibu mahali zilipo. Si laana, wala si kazi ya wachawi. Wala haimpati jirani kwa kula pamoja na mgonjwa, kwa kushikana naye mikono, au kwa kulala naye nyumba moja.

Tena ziko kansa zinazotibika. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alitangaza habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Baadaye ikaonekana kwamba dawa zaweza kuuyeyusha uvimbe huo, na watoto wengi wakapona. Mwaka 1967 ikaanzishwa huko Mulago Taasisi ya Kansa ya Uganda, ambayo hata leo yatibu watu.

Lakini dawa za kansa ni kali. Huziua chembe za ugonjwa, na pamoja nazo hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Kwa dawa nyingi, askari hao huwa wachache kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kutiwa dawa. Siku hizo mwili ni kama mji usio na walinzi. Hata kidonda kibaya chaweza kukosa usaha, kwa sababu usaha hutokana na askari waliokufa vitani.

2. Homa isiyongojwa

Huko Kamatanda, kama mahali pengi pa Katanga, mtu akishikwa na homa watu husema, "Ni malaria." Hunywa vidonge, hujifunika blanketi, hungoja kupambazuke. Kwa mgonjwa aliyetiwa dawa za kansa, kungoja huko kwaweza kuwa kifo, maana vijidudu vyaweza kuenea katika damu kwa muda wa saa chache. Homa ikifika digrii 38, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, yapasa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Neno la kwanza la kumwambia mwuguzi ni hili: "Huyu ametiwa dawa za kansa."

3. Wagonjwa wanavyosaidiana

Mwaka 2004 wanawake wa Uganda waliokuwa wameugua kansa ya matiti waliunda chama chao, ili anayeugua leo afarijiwe na aliyeugua jana. Chama cha namna hiyo hakihitaji majengo. Hata wagonjwa wawili wa mtaa mmoja waweza kukianza.

Aliyetangulia humwambia anayeanza kwamba nywele hunyonyoka, na kwa kawaida huota tena. Kwa vidonda vya kinywa, humfundisha kusukutua kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Humwonya asiache dawa kwa sababu ya kichefuchefu tu, bali amweleze daktari. Wala asichanganye dawa za miti shamba pasipo kuuliza. Zaidi ya yote, humhesabia zile siku za hatari, akamwuliza kila jioni, "Mwili una joto?"

Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilometa 120 hivi, na ugonjwa wa usiku haungoji fedha za asubuhi. Kwa hiyo yafaa wagonjwa na jamaa zao waweke likelemba ya safari, wanunue kipimajoto kimoja na kukiosha kila mara kwa sabuni, na wakubaliane mapema ni nani atakayetoa pikipiki.

4. Wajibu wa majirani

Msamaria mwema hakumpa majeruhi maneno matupu; alimfunga majeraha na kumlipia malazi. Majirani nao wachote maji, wapasue kuni, walinde watoto. Lakini mwenye mafua, kikohozi au kuhara asiingie nyumbani mwa mgonjwa. Na asalimu kwa mbali, aache chakula kwa mwenye afya. Anayeingia anawe mikono kwanza kwa sabuni. Watu wasijazane chumbani, hata kama desturi yataka hivyo.

Basi mambo mawili yasisahauliwe. Anayemkimbia mgonjwa kwa kuogopa kansa amekosa, kwa kuwa mgonjwa hamwambukizi kansa. Na anayemkaribia huku akikohoa amekosa pia, kwa kuwa yeye ndiye awezaye kumwambukiza mgonjwa. Upendo wa kweli wajua lini kukaa kitandani pa mgonjwa, na lini kusimama mlangoni.

Maswali

1. Kwa nini homa ya mgonjwa wa kansa haingojwi mpaka asubuhi?
2. Ni siku zipi zilizo za hatari zaidi baada ya kutiwa dawa?
3. Jirani mwenye mafua aweza kumsaidia mgonjwa kwa njia gani?
4. Katika mtaa wenu, ni nani atakayemsindikiza mgonjwa usiku?