Dawa ya Kwanza ni Maji

Katika miaka ya 1950, huko Kipopo karibu na mji ulioitwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wataalamu waliwachunguza samaki tilapia wa mabwawa. Hata leo samaki hao hufugwa katika nchi ya shaba.

Mtoto mmoja wa karibu na Kolwezi alikuwa na bwawa dogo la tilapia. Kila jioni aliwatupia pumba na majani ya muhogo, kupita walivyoweza kula.

Siku moja alfajiri aliwakuta wote juu ya maji, wakipanua vinywa. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Akakimbia, akalia: “Baba, nipe dawa! Samaki wangu wanakufa!”

Baba akaja, akainama, akanusa maji. Yalinuka. Akasema: “Mwana wangu, wanakosa hewa. Samaki huvuta hewa iliyo ndani ya maji kwa matamvua, hapa kando ya kichwa. Mchana, mimea ya majini hutoa hewa kwa nguvu ya jua. Usiku haitoi, bali huitumia. Na chakula kinachooza huimaliza. Ndiyo sababu samaki huhema alfajiri.”

Basi wakafungua mfereji. Maji mapya ya kijito yakaanguka toka juu, yakichanganyika na hewa. Wakaopoa chakula kilichooza. Jua lilipopanda, samaki waliobaki walikuwa wakiogelea chini.

Mmoja alikuwa na jeraha lenye utando mweupe kama pamba. Baba akasema: “Hiyo ni kuvu. Huota penye jeraha.” Akalowesha mikono, asije akamchubua, akamtia katika ndoo yenye maji lita 10 na chumvi gramu 100, kwa dakika 10. “Mwangalie sana,” alisema. “Akilala ubavu, tutamtoa mara moja.”

Mtoto akauliza: “Baba, kijito kikikauka, tuchote maji yanayotoka kiwandani, wanakoosha mawe ya shaba?”

“Hasha! Shaba kidogo tu ndani ya maji huharibu matamvua, na samaki hufa. Maji maangavu si lazima yawe mazima.”

Tangu siku ile mtoto hakutupa tena chakula cha kubaki. Na kila alfajiri, kabla ya kwenda shuleni, aliyatazama maji kwanza.

Maswali
1. Kwa nini samaki walihema alfajiri?
2. Baba alimtibuje samaki mwenye kuvu?
3. Maji gani hayafai kutiwa bwawani? Kwa nini?