Mtoto anayenyamaza skuli: michezo ya kundi inavyomsaidia kusema na wenzake

Mada yetu ya leo inawahusu wazazi wenye watoto wa baina ya miaka 5 na 12, na hasa sisi tulioko Ibra, Sur, Nizwa na vijiji vya pembeni. Wapo kati yetu ambao wazee wao walikwenda Zanzibar kutoka Sharqiyah na wakarudi baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970. Wapo waliokuja kwa kazi au kwa ndoa. Sote tuna jambo moja: mtoto anasema Kiswahili na mama na bibi, kisha anatoka mlangoni anakuta mtaa mzima ni Kiarabu.

Nitaanza na ya nyumbani kwangu. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka 7, ndani ya nyumba alikuwa hanyamazi, hata usingizini anasema. Skuli zilifunguliwa Septemba, na ilipofika Novemba mwalimu wake akaniita. Akaniambia mtoto huyu hajatamka neno hata moja darasani, anatikisa kichwa tu. Nikapewa ushauri wa haraka: acheni Kiswahili nyumbani. Nusura nikubali, maana mzazi akitiwa hofu hukubali chochote. Kilichonizuia ni mama yangu mzazi, ambaye Kiarabu chake ni cha salamu na sokoni. Nikajiuliza, mjukuu akiachishwa Kiswahili, bibi huyu atazungumza na nani?

Wazazi wenzangu, ushauri ule haukuwa sawa. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kusema, na akichanganya maneno ya Kiswahili na Kiarabu katika sentensi moja si maradhi. Mwanangu maneno alikuwa nayo ya kutosha. Alichokosa ni pahala pa kuyatoa mbele ya watoto wenzake bila ya kuogopa kuchekwa.

Hapo ndipo inapoingia michezo. Katika mchezo wa kundi mtoto hatakiwi kutoa hotuba. Anatakiwa aseme maneno mafupi, yale yale, kwa wakati wake: nipe, ngoja, zamu yangu, rudi nyuma, yuko kule! Mpira ukiwa njiani unakuja, hakuna anayemcheka mwenziwe kwa kukosea sarufi. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alikaa akawatazama watoto wakicheza gololi, na mwaka 1932 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Aliona kuwa wadogo hucheza pamoja lakini kila mmoja kivyake, na kwenye miaka 7 au 8 ndipo wanapoanza kutaka kanuni moja ya wote. Kwa hiyo yale magomvi ya "umetoka nje" na "sikutoka" ndiyo somo lenyewe. Mtoto anajifunza kueleza, kusikiliza na kukubaliana. Mzazi akikimbilia kuamua kila kesi, amewanyang'anya somo. Ngoja kwanza, ingilia ikiwa kuna kupigana au mmoja anaonewa.

Sisi tulianza na kombolela, ule ule wa kwetu. Watoto walikuwa wanne tu, wangu wawili na wawili wa jirani yetu Muomani. Mmoja anahesabu amefumba macho, wengine wanajificha, anayeonekana anakamatwa. Utamu wake ni kuwa aliyebaki mafichoni anaweza kutoka mbio akawakomboa wote. Mtoto mwenye haya, ambaye kwa kawaida ndiye hodari wa kujificha, ghafla anakuwa tegemeo la wenziwe na wote wanaita jina lake. Tukaweka sharti moja: kila mtu anahesabu kwa lugha ya nyumbani kwao. Wale watoto wa jirani wakajikuta wanajifunza moja mpaka ishirini kwa Kiswahili, na mwanangu ndiye mwalimu wao.

Mchezo wa pili ni wa kipofu na kiongozi. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwenziwe anamwongoza kwa sauti tu apite baina ya viti au mito mpaka afike alipowekewa tende. Hamruhusiwi kugusana. Huu unafaa sana kwa mtoto aliyezoea kutikisa kichwa, maana kichwa hakisaidii kitu kwa mtu aliyefungwa macho. Aanze na ndugu yake kwa Kiswahili, kisha na mtoto mmoja wa nje, halafu ndiyo kundi. Msiruke hatua.

Kuvuta kamba ni kwa wakubwa kidogo, na lazima awepo wa kuhesabu ili wavute pamoja. Rede na ukuti ukuti nyote mnaijua, sina haja ya kueleza. Mpira wa miguu ni mzuri lakini wenye nguvu huuhodhi, na mwenye haya husimama pembeni jioni nzima kisha tukasema amecheza. Gaweni timu za watatu watatu. Na watoto watano kukaa chumba kimoja kila mmoja na simu yake, hilo msilihesabu kuwa ni mchezo wa kundi.

Wanangu walikuwa wagumu wa kungoja zamu. Nikawapeleka Falaj Daris hapa Nizwa, nikawaeleza kuwa maji ya falaji hugawiwa kwa muda, na kila mwenye fungu lake hungoja zamu yake. Sijui kama walielewa yote, ila neno "zamu" waliondoka nalo.

Sasa kuhusu joto. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, lakini si saa saba mchana mwezi wa Juni. Kiangazi Nizwa na Ibra hupita digrii 40, na Sur ikiwa na unyevu jasho halikauki mwilini. Wacheze jua likishapoa baada ya Alasiri, au ndani, na wanywe maji kabla ya kiu. Akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mwingizeni kivulini, mpeni maji na mpozeni mwili. Akianza kusema ovyo au kuzimia, hospitali mara moja. Na wasicheze ndani ya wadi kukiwa na mawingu milimani, hata kama mlipo ni pakavu. Tunakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 huko Mudhaibi yaliyochukua roho za wanafunzi.

Mwanangu hakubadilika kwa wiki moja. Neno lake la kwanza la Kiarabu uwanjani lilikuwa ni kulalamika kuwa ameonewa. Baada ya hapo akawa anasema na yule mtoto wa jirani, ambaye walikuwa darasa moja, kisha na wawili, na mwalimu akasikia sauti yake karibu na mwisho wa mwaka. Msimlazimishe mtoto aseme mbele ya wageni, wala msimwahidi zawadi mbele za watu. Haya huzidi.

Ikiwa mwezi wa kwanza wa skuli umepita na bado kimya kinaendelea, au nyumbani pia hasemi vizuri, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea, nendeni kituo cha afya cha karibu. Mwombeni apimwe masikio kwanza, na ikihitajika apewe barua ya hospitali kubwa ya Nizwa, Ibra au Sur. Mwambieni daktari lugha zote anazozisema nyumbani, kwa sababu akipimwa kwa Kiarabu peke yake anaweza kuandikwa hajui kusema, na huku Kiswahili chake ni kizima.