MAZOEZI YA MWILI: TUMPONGEZE NANI, NA KWA LIPI?

Ndugu wakazi wa kambi, tumekwisha jifunza kwamba mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kutembea haraka haraka au kazi ya kutoa jasho kila wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Wengi mlianza, asanteni sana. Lakini sisi wahamasishaji tunapopita nyumba kwa nyumba tunakuta mtu ameanza vizuri, halafu wiki ya tatu au ya nne ameacha. Leo tuzungumze juu ya kitu kinachoweza kumsaidia asiache, nacho hakinunuliwi: kutambua hatua aliyofikia na kumpongeza.

Kwa nini watu wanaacha?

Faida ya mazoezi inachelewa kuonekana. Presha haishuki kwa siku mbili. Inachukua wiki kadhaa, hata miezi. Maumivu ya misuli yanakuja kesho yake, na kicheko cha majirani kinakuja siku ile ile.

Kuna mama mmoja wa miaka 52 katika kijiji chetu. Kila alipopimwa presha ilikuwa juu, mara moja ikafika 158/96. (Ikirudia kuwa 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu.) Alipewa vidonge, akaambiwa pia atembee. Siku ya kwanza alipumzika mara 3 kati ya nyumba yake na bomba la maji. Baada ya wiki 3 alikuwa anafika bila kusimama. Hayo ni maendeleo makubwa! Lakini njiani alisikia tu, "Mama, unakimbizana na nani? Mgao wenyewe hautoshi." Akaacha. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Mwanangu, ni nani aliyeona kwamba nimefika?"

Presha isiyotunzwa inaweza kuleta kiharusi. Mtu akipooza hapa kambini, ni nani atamsimamia kwenye foleni ya mgao, ni nani atamchotea maji? Mara nyingi ni binti yake, ambaye ataacha shule. Kwa hiyo neno la hongera kwa yule mama lilikuwa na kazi: kumshikilia katika wiki zile ambazo mwili bado haujamwonyesha matokeo.

Tumlinganishe na nani?

Katika mbio za mwisho wa mwaka hapa kambini, sabuni na fulana zilipewa vijana 3 wa kwanza tu. Wamama waliomaliza nyuma walirudi nyumbani mikono mitupu, na kwenye mazoezi yaliyofuata sikuwaona tena. Sisemi mshindi asipewe zawadi, la. Lakini mbio zinampata mshindi mmoja, na presha iko katika nyumba nyingi.

Afrika Kusini kuna mbio ndefu sana zinazoitwa Comrades, kama kilomita 90 kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg, zilizoanza mwaka 1921. Kila anayemaliza ndani ya saa 12 anapata medali, hata akiwa wa mwisho. Na anayezimaliza mara 10 anapewa namba yake ya kudumu, ambayo hapewi mkimbiaji mwingine. Namba tu! Lakini watu wanarudi miaka mingi kuitafuta.

Sisi tuliotoka Kivu tunamfahamu pia Popole Misenga, mcheza judo aliyezaliwa Bukavu. Amesimulia kwamba zamani akishindwa pambano, makocha walimfungia chumbani siku kadhaa na chakula kidogo. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, alikuwa mmoja wa wachezaji 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Alishinda pambano moja, akatolewa katika la pili. Hakupata medali, lakini watu ukumbini walimshangilia kwa nguvu. Walijua alikotoka.

Basi mtu alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Papa wa mguu wa bandia aliyetoka hatua 40 hadi 100 amepiga hatua kumshinda kijana anayecheza mpira tangu utoto.

Pongezi zinazodhuru

Hapa naomba tuwe makini. Usimsifu mtu kwa sababu amepungua mwili. Kwetu kukonda kunaweza kuwa njaa, kifua kikuu, sukari au ugonjwa mwingine. Mtu anayekonda bila kujua sababu aende kituo cha afya. Usimsifu aliyeacha vidonge kwa kuwa presha imeshuka, kwani huenda imeshuka kwa sababu ya hivyo vidonge. Wala usimshangilie anayejilazimisha huku kifua kinabana au kizunguzungu kimemshika. Asimame, na apelekwe kituoni.

Sifa za uongo nazo hazisaidii. "Hongera" ya jumla inasahaulika jioni. Taja kitu ulichokiona: "Mama, leo umefika bombani bila kupumzika." Akisikia mume wake au watoto wake, ni vizuri zaidi. Na kumbukeni, kubeba jerikani la lita 20 na kulima ni mazoezi pia, hata kama hakuna anayepiga makofi.

Daftari la kijiji

Katika kijiji chetu tumeanza daftari moja. Kila Jumamosi saa 12 asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, mtu anataja alichofanya wiki hiyo na jirani mmoja anashuhudia. Hatuandiki kilo, hatuandiki nani wa kwanza. Anayetimiza wiki 10 anapewa namba yake, na jina lake linasomwa katika mkutano wa kijiji kama amekubali mwenyewe. Yule mama amerudi. Yuko wiki ya 6. Vijiji vinavyotaka kuanzisha daftari vimwone mhamasishaji wake.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika nyumba yenu, ni nani ameanza mazoezi na bado hajaambiwa neno?
2. Alikuwa anaweza nini mwezi uliopita, na leo anaweza nini?